Je, Wajua? Viziwi, Lugha ya Mikono na Milango ya Shule

Je, wajua kwamba kuna kisiwa ambako karibu kila mtu alijua lugha ya alama, awe kiziwi au anayesikia?

Kisiwa hicho ni Martha's Vineyard, pwani ya Massachusetts, Marekani. Miongoni mwa Waingereza waliohamia huko karne ya 17 walikuwamo waliobeba uziwi wa kurithi, na kwa kuwa familia zilioana humo humo kisiwani kizazi baada ya kizazi, watoto viziwi wakawa wengi. Katika karne ya 19, mtu 1 kati ya 155 kisiwani alikuwa kiziwi, ilhali kwa Marekani nzima ilikuwa mtu 1 kati ya takriban 5,700. Katika kijiji cha Chilmark hesabu ilifika mtu 1 kati ya 25. Ilikuwa vigumu kupata nyumba isiyokuwa na ndugu, mkwe au jirani kiziwi.

Basi wote wakajifunza. Mtoto anayesikia aliokota alama kama alivyookota maneno, mezani na uwanjani. Wavuvi walizungumza kutoka mashua hadi mashua, mbali kuliko sauti inavyofika. Watu wanaosikia walitumia alama hata pale ambapo hapakuwa na kiziwi hata mmoja. Mtafiti Nora Ellen Groce, aliyechapisha kitabu juu ya kisiwa hicho mwaka 1985, alikuta wazee wakiwakumbuka majirani zao wa zamani kwa kazi na tabia zao: fulani mvuvi hodari, fulani mkulima. Kwamba walikuwa viziwi, walilitaja walipoulizwa. Viziwi hao walioa na kuolewa, walimiliki mashamba na kupiga kura kama wengine. Wa mwisho katika ukoo huo alifariki mwaka 1952.

Nimekitanguliza kisiwa hiki kwa makusudi. Tunapozungumza juu ya kiziwi shuleni au hospitalini, swali letu la kwanza huwa ni afanye nini ili atuelewe. Chilmark walijiuliza swali la upande wa pili, na majirani wakabeba sehemu yao ya kazi.

Wala Vineyard hakiko peke yake. Kijiji cha Adamorobe nchini Ghana kina lugha yake ya alama iliyozaliwa hapo hapo na kutumiwa pia na wasiokuwa viziwi. Kijiji cha Bengkala, kisiwani Bali, nchini Indonesia, nacho kina ya kwake iitwayo Kata Kolok.

Je, wajua kwamba lugha ya alama iliwahi kuwa lugha ya ikulu?

Katika kasri la masultani wa Uthmaniya, Istanbul, watumishi viziwi walikuwa sehemu ya kawaida ya nyumba ya Sultani katika karne za 16 na 17. Kelele na maneno mengi mbele ya mfalme vilihesabiwa utovu wa adabu, kwa hiyo alama za viziwi zikapewa heshima, na wanaosikia wakafundishwa nao.

Je, wajua kwamba lugha ya alama si moja duniani?

Shirikisho la Viziwi Duniani linakadiria kuwa kuna viziwi zaidi ya milioni 70, na lugha za alama zinazidi 200. Kila moja ina msamiati wake na sarufi yake, na mipaka yake haifuati mipaka ya lugha zinazosemwa kwa mdomo. Mwingereza na Mmarekani wanaosikia huelewana bila shida. Viziwi wa nchi hizo mbili wakikutana, kila mmoja ana lugha yake. Hata alfabeti ya vidole haifanani: Mwingereza hutumia mikono miwili, Mmarekani mmoja.

Sababu imo katika safari ya meli. Mjini Paris, karibu na mwaka 1760, padri Charles-Michel de l'Épée alianzisha shule ya viziwi isiyotoza ada, iliyopokea watoto wa maskini. Kabla ya hapo elimu ya kiziwi Ulaya ilikuwa bahati ya watoto wa mabwana: mtawa Pedro Ponce de León wa Hispania aliwafundisha wana viziwi wa familia za kifahari katika karne ya 16. De l'Épée alizitazama alama ambazo viziwi wa Paris walikuwa nazo tayari, akafundishia hizo, akaongeza na za kwake. Mwaka 1791, miaka miwili baada ya kifo chake, shule ikawa mali ya taifa.

Kutoka shule hiyo alitokea Laurent Clerc, mwalimu ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi. Mwaka 1816 alivuka bahari pamoja na Mmarekani Thomas Hopkins Gallaudet, na tarehe 15 Aprili 1817 wakafungua shule ya kudumu ya viziwi mjini Hartford, Connecticut. Watoto wa Vineyard walipelekwa huko na alama zao za kisiwani, wengine wakaja na alama za nyumbani kwao, Clerc alikuwa na za Kifaransa. Mchanganyiko huo ndio uliozaa lugha ya alama ya Marekani, ambayo hadi leo ina undugu na ya Ufaransa kuliko ya Uingereza.

Je, wajua kwamba kwenye midomo, "bibi" na "mimi" ni neno moja?

Simama mbele ya kioo, useme bila kutoa sauti: baba, papa, mama. Kisha bibi, mimi. Midomo hufunga na kufunguka vilevile. Tofauti ya *b*, *p* na *m* hufanyika kooni na puani, mahali ambapo jicho halifiki. Na sauti kama *k*, *g* na *h* hutamkwa nyuma kabisa, hazionekani hata kidogo. Kiziwi anayesoma midomo huona vipande tu vya maneno, na vingine inambidi avibahatishe kwa muktadha, huku mwalimu akigeukia ubao, akitembea au akiziba mdomo kwa daftari.

Ukishalijaribu hilo kwenye kioo, utaelewa ukubwa wa kilichotendeka Milano, Italia, Septemba 1880. Mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi, wenye wajumbe 164, ulipitisha azimio kwamba njia ya kusema kwa mdomo ni bora kuliko alama na kwamba itumike katika kuwafundisha viziwi. Miongoni mwa wajumbe wote hao, kiziwi alikuwa mmoja, James Denison wa Marekani. Ujumbe wa Marekani ulipinga, ukashindwa kwa kura.

Kwa takriban miaka 100 iliyofuata, shule nyingi duniani zilipiga marufuku alama darasani. Walimu viziwi walipoteza kazi, kwa kuwa mtu asiyesikia hawezi kufundisha matamshi. Watoto walichapwa mikono, wengine waliamriwa kuikalia. Mtoto aliweza kumaliza mwaka mzima akifanyishwa mazoezi ya kutamka maneno machache, huku hesabu, historia na sayansi zikimpita. Siwezi kuliita hili kosa dogo la ufundishaji. Ni kizazi baada ya kizazi cha watoto werevu walionyimwa elimu mbele ya mwalimu aliyekuwa amesimama darasani kila siku.

Lugha haikufa. Iliishi mabwenini, usiku, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Mwaka 2010, mkutano wa mfululizo huo huo ulipokutana Vancouver, Canada, ulikataa rasmi maazimio ya Milano na kueleza majuto kwa madhara yake. Ilikuwa imepita miaka 130.

Mmoja wa watetezi wakubwa wa njia ya mdomo alikuwa Alexander Graham Bell, mtu wa simu. Mama yake alikuwa kiziwi. Mkewe alikuwa kiziwi. Mwaka 1883 aliandika waraka wa kuonya kuwa viziwi wakizidi kuoana wao kwa wao, kutazuka aina mpya ya binadamu viziwi, na aliziona shule za bweni za viziwi kuwa moja ya sababu za wao kukutana.

Je, wajua kwamba watoto viziwi hubwabwaja kwa mikono?

Mwaka 1991 mtafiti Laura Petitto na mwenzake walionyesha kuwa watoto wachanga viziwi wanaolelewa na wazazi wanaotumia alama hurudiarudia vipande vya alama kwa vidole, katika umri ule ule ambao mtoto anayesikia husema "ba-ba-ba". Wapo pia watumiaji wa alama walioumia upande wa kushoto wa ubongo kwa kiharusi: hupoteza uwezo wa kuunda au kuelewa alama, kama msemaji wa mdomo anavyopoteza maneno, ijapokuwa mikono yao ina nguvu. Ubongo haujali kama lugha imeingia kwa sikio au kwa jicho.

Ilichukua muda wanaisimu kulikubali hilo. William Stokoe, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington, alichapisha mwaka 1960 uchambuzi ulioonyesha kwamba alama hujengwa kwa vipashio vidogo, yaani umbo la mkono, mahali pake na mwendo wake, kama neno linavyojengwa kwa sauti. Uso nao ni sarufi: katika lugha nyingi za alama, kupandisha nyusi ndiko kunakoigeuza kauli kuwa swali la ndiyo au hapana. Ndiyo maana mkalimani wa televisheni huonekana akikunja uso na kutumbua macho. Hafanyi maigizo. Anaweka alama ya kuuliza.

Je, wajua kwamba wapo watoto walioumba lugha nzima kwenye uwanja wa shule?

Kama ningeruhusiwa kusimulia habari moja tu katika makala hii, ningechagua ya Nikaragua.

Kabla ya miaka ya 1970, viziwi wa nchi hiyo waliishi kila mmoja kwao, wakiwasiliana na mama na ndugu kwa ishara chache za nyumbani. Mwaka 1977 kituo cha elimu maalumu kilifunguliwa Managua. Baada ya mapinduzi ya 1979 serikali mpya ikapanua elimu, na kufikia mwaka 1983 wanafunzi viziwi katika shule mbili za mji huo walikuwa zaidi ya 400. Darasani, walimu walifundisha Kihispania kwa kusoma midomo na kwa herufi za vidole, na mafanikio yalikuwa haba. Ila wakati wa mapumziko, na ndani ya basi la kwenda nyumbani, watoto walikuwa na shughuli yao. Huyu alileta ishara ya kwao ya chakula, yule ya mvua, wakakubaliana.

Kisha wakaja wadogo zao, wa miaka minne, mitano, sita. Hao waliipokea ile mikono ya wakubwa na kuinyoosha kuwa lugha yenye sarufi. Walimu hawakuelewa wanafunzi wao wanasema nini, mpaka mwaka 1986 mwanaisimu Judy Kegl alipoitwa kutazama.

Watafiti waliofuata, akiwamo Ann Senghas, walipima tofauti ya vizazi. Waliwaonyesha watu filamu ya katuni ambamo paka anaporomoka mteremkoni huku akiviringika, wakawaomba wasimulie. Anayesikia, kwa ishara za kawaida za mikono, huchora tukio zima mara moja: mkono unaviringika ukishuka. Viziwi wa kundi la kwanza walielekea kufanya hivyo hivyo. Wadogo walilikata vipande: alama ya kuviringika, kisha alama ya kushuka. Unaweza kudhani wamerudi nyuma, maana ile ya kwanza inafanana zaidi na jambo lenyewe. Lakini vipande ndivyo lugha. Ukishakuwa na "kuviringika" peke yake na "kushuka" peke yake, unaweza kuviunganisha na maelfu ya mengine kusema jambo ambalo halijawahi kutokea.

Hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Kilichohitajika ni watoto viziwi wengi mahali pamoja, wadogo kwa wakubwa, na muda. Nawaomba wanaopanga shule walikumbuke hili kila wanapotaka kumweka mtoto kiziwi mmoja mmoja katika shule ya jirani na kuhesabu kwamba kazi imekwisha.

Je, wajua kwamba mtu aliyefungua shule nyingi za viziwi Afrika alifia Rwanda?

Andrew Foster alizaliwa 1925 Alabama, Marekani, mtoto wa watu weusi. Akiwa na miaka 11, homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi, yeye na kaka yake. Alisoma katika shule ya viziwi weusi, kwa kuwa sheria za ubaguzi za jimbo hilo hazikumruhusu kukaa na weupe, na shule hiyo haikumfikisha mbali. Aliendelea kusoma kwa posta. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu shahada Gallaudet.

Mwaka 1957 alikwenda Ghana kama mmisionari na kufungua shule ya viziwi Accra. Hakuishia hapo. Kwa miaka 30 alizunguka bara hili, na anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa shule zaidi ya 30 katika nchi 13. Kubwa kuliko idadi ya shule ni kwamba alikuwa kiziwi: watoto na wazazi waliona mbele yao mtu mzima, msomi, mwenye safari na mipango, akiongea kwa mikono. Aliwafundisha vijana viziwi wawe walimu, akawaachia madarasa.

Tarehe 3 Desemba 1987 ndege ndogo aliyopanda ilianguka Rwanda, karibu na Gisenyi, akiwa njiani kuelekea Kenya. Alikuwa na miaka 62. Miaka mitano baadaye Umoja wa Mataifa, bila uhusiano na msiba huo, uliitangaza tarehe 3 Desemba kuwa Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu.

Haki inataka niseme na upande mwingine. Foster na wanafunzi wake walifundisha kwa alama za Marekani, na ndiyo sababu lugha za alama za nchi kadhaa za Afrika Magharibi na Kati zina mizizi ya Marekani. Watoto viziwi wa Adamorobe, wakipelekwa shule ya bweni, hurudi na lugha ya alama ya Ghana, na ile ya kijiji inazidi kubaki kwa wazee. Shule inaweza kukuza lugha na kumeza nyingine kwa wakati mmoja.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki iliwahi kuzitangulia nchi nyingi tajiri?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali kukuza lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Nchi chache sana duniani zilikuwa zimethubutu kuitaja lugha hiyo katika katiba wakati huo. Mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia Bunge la Uganda kwa kiti cha watu wenye ulemavu, mbunge kiziwi wa kwanza barani, na akakaa humo kwa miaka 25.

Kenya, katika katiba ya 2010, iliandika kifungu cha 120: lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 7 kinaagiza pia kukuza lugha hiyo pamoja na breli, maandishi ya wasioona. Na katika shule za Kenya, Lugha ya Ishara ni somo kamili. Mwanafunzi kiziwi husoma na kufanyia mtihani lugha hiyo mahali ambapo mwenzake hufanya Kiswahili. Sioni kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Lugha yetu imepata ndugu wa kukaa naye kwenye ratiba.

Shule za mwanzo za viziwi nchini humo ni za Mumias na Nyang'oma, zote za mwaka 1961. Tanzania, ya kwanza ilikuwa ya Tabora, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata 1974. Kwa kuwa kila shule ilikuza alama zake bwenini, Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilichoanzishwa miaka ya 1980, kilikuta kazi ya kukusanya na kulinganisha alama za mikoa. Kila anayepitia kamusi ya lugha ya alama ya Tanzania aikumbuke kazi hiyo ya kukaa na viziwi wa sehemu mbalimbali na kuuliza: ninyi hili mnalisemaje?

Je, wajua kwamba breli ilibuniwa na mwanafunzi?

Louis Braille alipofuka akiwa mdogo, baada ya kujijeruhi jicho katika karakana ya baba yake, mtengeneza hatamu. Alipofika miaka 15, mwaka 1824, alikuwa ameshaupunguza mfumo wa kijeshi wa nukta 12 wa Charles Barbier hadi nukta sita, zinazoenea chini ya ncha ya kidole kimoja na kutoa michoro 63. Shule yake mwenyewe ya vipofu mjini Paris iliwahi kuupiga marufuku. Wanafunzi wakaendelea nao kwa siri. Ufaransa iliupokea rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Kwetu breli, yaani nukta nundu, ilipata makao mapema: shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na ile ya Buigiri, Dodoma, na Kanisa la Anglikana mwaka 1950.

Je, wajua kwamba msichana mmoja alikataliwa shule kwa kuitwa hatari ya moto?

Ni Judith Heumann wa Brooklyn, New York. Polio ilimweka kwenye kiti cha magurudumu akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Mama yake alipompeleka kuanza shule ya serikali, mkuu wa shule alisema kiti chake kitazuia njia endapo moto utatokea. Akafundishwa nyumbani, saa mbili na nusu kwa wiki, mpaka alipofika miaka tisa. Mwaka 1970 alipoomba leseni ya ualimu, jiji lilimnyima kwa hoja ile ile ya moto. Akaenda mahakamani, kesi ikaangukia kwa Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho, na jiji likalegea. Heumann akawa mwalimu wa kwanza New York kufundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Wakati huo, kwa takwimu za serikali ya Marekani yenyewe, ni mtoto 1 tu kati ya 5 wenye ulemavu aliyekuwa shuleni. Sheria ya kuwapokea wote katika shule za umma ilitiwa saini Novemba 1975.

Ila sheria bila kanuni ni karatasi. Tarehe 5 Aprili 1977 watu wenye ulemavu zaidi ya 100, Heumann akiwamo, waliingia katika jengo la serikali San Francisco na kukataa kutoka mpaka kanuni za sheria ya kupinga ubaguzi iliyoitangulia hiyo, zilizokuwa zimekaliwa kwa miaka minne, zitiwe saini. Simu zikakatwa. Hapo viziwi waliokuwa ndani wakasimama madirishani na kupeleka habari kwa alama kwa wenzao waliokuwa nje barabarani. Chama cha Wamarekani weusi cha Black Panther kikaleta chakula cha moto kila siku. Saini ilipatikana kabla ya mwezi kwisha. Napenda sana picha ya siku hizo: wakati njia zote za wanaosikia zilipofungwa, njia ya viziwi ndiyo iliyobaki wazi.

Je, wajua kwamba kesi ya mama wa mtoto kiziwi ilitangulia ile maarufu ya kuvunja ubaguzi shuleni?

Washington kulikuwa na shule ya viziwi, Kendall, ndani ya eneo la Gallaudet. Watoto weusi viziwi wa jiji hilo hawakupokelewa. Walipelekwa bweni jimbo jingine, Maryland. Louise B. Miller, mama wa mtoto kiziwi, alishirikiana na wazazi wengine kuishtaki bodi ya elimu, akashinda mwaka 1952, miaka miwili kabla ya hukumu ya Brown iliyofuta ubaguzi wa rangi katika shule za umma za Marekani. Hata hivyo watoto walijengewa jengo lao la kando, wakasoma mbali na weupe, na hawakupewa vyeti. Julai 2023 Gallaudet iliwaita wanafunzi hao 24, wachache wakiwa bado hai na wengine wakiwakilishwa na familia, ikawakabidhi vyeti vyao na kuomba radhi.

Wakati shule zilipotenganishwa hivyo, viziwi weusi wa kusini mwa Marekani walikuza lahaja yao ya alama, yenye matumizi mengi ya mikono miwili na eneo kubwa zaidi la mwili. Leo inachunguzwa na kuheshimiwa kwa jina lake.

Gallaudet yenyewe, chuo kilichoidhinishwa na Abraham Lincoln mwaka 1864, haikuwahi kuwa na rais kiziwi kwa miaka 124. Machi 1988 bodi ilipomchagua tena anayesikia na kuwaacha viziwi wawili waliofika hatua ya mwisho, wanafunzi walifunga malango na kuandamana hadi bungeni. Wiki moja ilitosha. Tarehe 13 Machi I. King Jordan, mmoja wa viziwi hao wawili, akatangazwa rais. Ndiyo sababu Marekani kwa miaka mingi iliadhimisha historia ya viziwi kuanzia 13 Machi hadi 15 Aprili, siku ilipofunguliwa shule ya Hartford.

Je, wajua kwamba tamko maarufu la elimu jumuishi lilitoa nafasi ya pekee kwa viziwi?

Mwaka 1994 serikali 92 zilikutana Salamanca, Hispania, na kukubaliana kuwa shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Mwongozo uliotoka hapo ulieleza pia kwamba viziwi wana mahitaji ya pekee ya mawasiliano, na huenda elimu yao ikafaa zaidi katika shule maalumu au madarasa maalumu ndani ya shule za kawaida. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zote zimeuridhia, unakwenda mbali zaidi katika kifungu cha 24: mataifa yarahisishe kujifunza lugha ya alama, yakuze utambulisho wa lugha wa jamii ya viziwi, na yaajiri walimu wanaoimudu lugha hiyo, wakiwamo walimu wenye ulemavu.

Soma vizuri: walimu wenye ulemavu. Kumpangia mtoto kiziwi dawati la mbele katika darasa la watoto 80, bila mkalimani, bila mwalimu anayejua alama, bila kiziwi mwenzake, kisha kuandika kwenye ripoti kuwa shule ni jumuishi, ni kumwacha peke yake katikati ya watu. Azungumze na nani wakati wa mapumziko? Wenzake wakifundishwa alama, japo nusu saa kwa wiki, jibu linaanza kupatikana. Watoto hujifunza haraka kuliko sisi.

Na je, wajua namna ya kumwita kiziwi?

Punga mkono akuone, mguse begani, au zima na kuwasha taa. Akiwa mezani, gonga meza asikie mtikisiko. Mtazame usoni wakati wote. Akiwa na mkalimani, zungumza naye yeye na macho yako yawe kwake. Usipite ukijikunyata baina ya wawili wanaozungumza kwa alama. Pita upesi tu, hawatakasirika. Ukitaka kuwapigia makofi, inua mikono yote miwili juu na kuitikisa.

Wiki ya Viziwi Duniani huadhimishwa kila mwaka wiki ya mwisho ya Septemba, tangu 1958, na tarehe 23 ya mwezi huo ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, kwa kukumbuka kuanzishwa kwa Shirikisho la Viziwi Duniani mjini Roma mwaka 1951. Shule ikitaka kuiadhimisha, imwalike kiziwi mtu mzima aje kufundisha, imlipe nauli na posho kama mgeni mwingine yeyote, na walimu wakae na kujifunza pamoja na wanafunzi. Watajifunza herufi za vidole kwanza, maana ndizo hutumika kutaja jina lako herufi kwa herufi siku ya kwanza. Jina la alama lenyewe huwezi kujichagulia: viziwi watakutazama, wataona unavyocheka, kovu lako, namna unavyotembea, na siku wakishakuzoea watakupa.